Maswali na Majibu: Gobore la Kwanza la Marisau

Barua kuhusu magobore ya marisau, yaani bunduki za kujazwa kupitia mdomo wa mtutu ambazo hurusha vipunje vingi kwa mpigo mmoja, zimekuwa nyingi kiasi cha kutulazimu kuzitengea safu nzima. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, tukazifupisha bila kuzipotosha. Kabla ya yote, msomaji akumbuke kwamba sheria ya nchi anayoishi inatangulia ushauri wowote atakaousoma hapa, maana gobore ambalo nchi moja hulihesabu kuwa kitu cha kale, nchi nyingine hulihesabu kuwa silaha kama silaha nyingine. Sheria ya serikali kuu ya Marekani, kwa mfano, hulitenga gobore la baruti nyeusi na bunduki za kawaida, ilhali Uingereza mwenye kulitumia anahitaji cheti cha bunduki ya marisau na, juu ya hicho, cheti cha kununua na kuweka baruti. Uliza kwanza, ndipo ununue.

Ndugu Mhariri, nimezoea bunduki ya marisau ya kuvunja na kutia risasi za ganda. Sasa natamani gobore, lakini nimechanganyikiwa: la gumegume au la fataki? Mtutu mmoja au miwili? Geji gani? (Mlenga Shabaha)

Ndugu Mlenga Shabaha, kwa ufupi ni hivi: nunua la fataki, la mtutu mmoja, geji 12, lililotengenezwa miaka ya karibuni na kiwanda kinachojulikana.

Gumegume, ambalo huwasha baruti kwa cheche za jiwe, lina raha yake, nami siwezi kumlaumu anayelipenda, lakini linadai mambo mengi kwa wakati mmoja. Jiwe liwe kali, uso wa chuma linachokigonga uwe mgumu, kisahani kiwe kikavu, baruti ya kuwashia iwe laini, na hata yote yakiwa sawa, mpigaji huona mwako mbele ya jicho lake kabla ya mshindo, hivyo mikono hushtuka na shabaha hupotea. Mchungaji Alexander John Forsyth wa Scotland, aliyekuwa mwindaji wa ndege, alichoshwa na ndege walioruka kwa kuona mwako huo kabla ya marisau kuwafikia, na mwaka 1807 akapata hataza ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa. Kutokana na wazo hilo ndipo zilipokuja fataki tunazozitumia leo, yaani vikofia vidogo vyenye kemikali ya namna hiyo vinavyogongwa na nyundo. Mwanafunzi ambaye bado anajifunza kujaza bunduki yake vizuri hana sababu ya kujiongezea somo la pili la kuwasha. Gumegume lina hatari nyingine inayosahaulika: tundu la moto hurusha cheche ubavuni, kwa kawaida upande wa kulia, na anayesimama hapo kutazama anaweza kuunguzwa uso.

Mtutu mmoja naupendekeza kwa sababu moja tu, nayo ni usalama. Mwenye mitutu miwili anaweza, akiwa katikati ya mazungumzo na wenzake, kutia baruti mara mbili katika mtutu mmoja na kuuacha wa pili mtupu; anaweza pia kujaza mtutu uliopigwa huku ule wa jirani ukiwa na fataki juu ya chuchu, kile kijibomba kinachopeleka moto kwenye baruti. Mambo hayo huepukika kwa mazoea, ila mazoea hayanunuliwi pamoja na bunduki.

Kuhusu geji, namba hii huhesabu ni risasi ngapi za duara za madini ya risasi tupu, zenye upana wa tundu la mtutu, zingetimiza ratili moja, yaani gramu 454. Ndiyo maana geji 12, yenye tundu la milimita 18.5, ni pana kuliko geji 20 yenye milimita 15.6. Geji 20 ni nyepesi na inapendeza mkononi, lakini vizibo (vya kukalia juu ya baruti na marisau) na vifaa vya geji 12 ndivyo vinavyopatikana kwa urahisi zaidi, na tundu pana husamehe uchafu wa baruti kwa muda mrefu kidogo kabla vizibo havijaanza kukwama. Angalia pia kwamba mdomo wa mtutu haukubanwa. Mtutu ulionyooka mwanzo hadi mwisho hujazwa bila taabu, ilhali mdomo uliobanwa hukulazimisha kupitisha kizibo kipana mahali pembamba, jambo linalomchosha mgeni na kumfanya asukume mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, kwa hasira.

La mwisho ni kitako. Shika gobore tupu, fumba macho, liinue begani kama unavyoinua siku zote, kisha fumbua. Ikiwa unaona juu ya mtutu moja kwa moja bila kuhangaisha shingo, linakufaa. Ikiwa unaona mgongo wa nyundo tu, au mtutu wote umeinama mbele yako, liache hata kama nakshi zake zimekupendeza.

Kwako Mhariri. Marehemu babu aliacha gobore la mitutu miwili lenye michoro kama mawimbi juu ya chuma. Ndugu zangu wanasema chuma cha zamani kilikuwa bora kuliko cha siku hizi, na wananihimiza nilitumie. Je, nilitumie? (Mjukuu)

Ndugu Mjukuu, usilitumie mpaka fundi bunduki mwenye ujuzi wa magobore alikague, na huenda hata baada ya hapo jibu likawa ni kulitundika ukutani.

Jambo la kwanza la kufanya leo hii ni kuhakikisha kwamba halina kitu ndani. Usicheke. Magobore mengi ya urithi hukutwa yakiwa bado yamejazwa, kwa sababu aliyeyajaza hakupata cha kupiga siku hiyo akayarudisha nyumbani yalivyo, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu haichachi kwa miaka mingi. Hakikisha hakuna fataki juu ya chuchu. Kisha, ukiweka uso na mwili mbali na mdomo wa mtutu, shusha mdeki polepole hadi ukome, utie alama pale unapokutana na mdomo, uutoe, kisha uulaze nje ya mtutu ukilinganisha alama ile na mdomo uleule. Ncha ya mdeki inapaswa kufika karibu usawa wa chuchu. Ikiishia pungufu kwa sentimita kadhaa, ndani kuna mzigo, na kazi ya kuutoa si yako; mpelekee fundi ukimwambia mapema kwamba bunduki imejazwa.

Michoro ya mawimbi unayoieleza hutokana na vipande vyembamba vya chuma na chuma cha pua vilivyosokotwa pamoja, vikazungushwa kwenye fimbo na kufuliwa kwa moto hadi vikawa mtutu. Kazi hiyo ilihitaji ustadi mkubwa, na mitutu mizuri ya namna hiyo bado inapiga salama. Tatizo ni kwamba kati ya kipande na kipande kuna maungo yasiyohesabika, na kutu ikiingia katika maungo hayo kutoka ndani, nje huoni chochote. Kwa hiyo hoja ya ndugu zako kuhusu ubora wa chuma cha kale haitoshi, kwa kuwa unachokirithi si ule ubora wa siku gobore lilipotoka kwa fundi. Unarithi hali yake ya sasa, baada ya miaka yote ya kuoshwa vibaya.

Tazama chini ya mtutu, karibu na nyuma, kama kuna mihuri ya majaribio. Katika nchi zenye desturi hiyo, bunduki hupigwa kwa mzigo mkubwa kuliko wa kawaida kabla ya kuuzwa, na ikistahimili hugongwa muhuri. Chama cha mafundi bunduki wa London kilipata hati yake mwaka 1637, na kituo cha Birmingham kilianzishwa kwa sheria ya bunge ya mwaka 1813. Muhuri ni ushahidi mzuri wa asili ya bunduki, ingawa hausemi lolote kuhusu kilichotokea baada ya siku ule ulipogongwa. Anayenunua gobore jipya naye atafute mihuri hiyohiyo, kwa sababu yapo magobore mapya ya bei nafuu yanayouzwa kama mapambo ambayo hayajawahi kupimwa na yeyote.

Fundi akikuruhusu kuendelea, simama naye anapokagua ili ujifunze. Atashusha taa ndogo ndani ya mtutu na kuuelekeza huku na huku. Madoa ya kijivu hayamtishi, lakini vishimo vya kutu karibu na nyuma, mahali penye shinikizo kubwa, vitamfanya atikise kichwa, na kivuli cha duara kama pete katikati ya mtutu kina maana kwamba mtutu ulivimba zamani kwa sababu mzigo ulipigwa ukiwa haujafika chini. Atavuta nyundo hadi nusu na kuminya triga kwa nguvu. Nyundo haipaswi kuanguka. Ataivuta hadi mwisho na kuisukuma kwa dole gumba kutoka nyuma. Hapo pia haipaswi kuanguka. Atafungua chuchu kutazama kama nyuzi zake zimekatika na kama tundu lake limepanuka, kwani tundu pana hurudisha gesi nyuma na wakati mwingine huinua nyundo yenyewe baada ya mshindo. Atatazama pia shingo ya kitako nyuma ya mtambo, ambako mbao hupasuka kwa ufa mwembamba kama unywele.

Je, ninaweza kufungua risasi za ganda za kisasa nikatumia baruti yake katika gobore? Nimesikia kuwa ni ileile, ila tu haina moshi. (Mdadisi)

Hapana, hata kidogo. Baruti isiyo na moshi hutoa shinikizo ambalo gobore la baruti nyeusi halikutengenezwa kulibeba, na kiasi kinachoonekana kidogo machoni kinaweza kupasua mtutu mbele ya mkono wako wa kushoto. Aliyekuambia kuwa ni ileile, usimwachie akujazie bunduki.

Baruti halisi ya gobore ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, na huuzwa kwa ukubwa wa punje unaoandikwa kwa herufi F: kadiri herufi zinavyoongezeka ndivyo punje zinavyokuwa ndogo na kuungua haraka. Kwa geji 12 chukua FFg. FFFg huwafaa wenye matundu membamba, na FFFFg ni ya kisahani cha gumegume peke yake. Zipo pia baruti mbadala kama Pyrodex na Triple Seven, ambazo hupimwa kwa ujazo kama baruti nyeusi wala si kwa uzito, na Triple Seven ina nguvu zaidi kwa ujazo uleule, hivyo hupunguzwa kama mtengenezaji wake anavyoelekeza. Hizi huwaka kwa shida katika gumegume. Usijaribu kutengeneza baruti yako mwenyewe, na usihamishie uliyonunua katika chombo kingine. Iache katika kopo lake, mbali na fataki, mbali na moto, mahali ambapo watoto hawafiki.

Mpendwa Mhariri, gobore langu jipya limefika, lakini kijitabu chake kimeandikwa kwa lugha nisiyoielewa. Naomba unifundishe kujaza hatua kwa hatua, na kiasi cha baruti na marisau. (Mwindaji Mwanafunzi)

Dada yangu, kwanza mtafute wa kukutafsiria ukurasa mmoja tu wa kijitabu hicho, ule wenye jedwali la mzigo wa juu kabisa, kwa kuwa kiasi nitakachokutajia ni cha kuanzia na hakipaswi kuvuka kile alichokiandika mtengenezaji.

Kwa geji 12, anza na greni 70 za baruti ya FFg, ambazo ni kama gramu 4.5, pamoja na marisau ya gramu 28. Kwa geji 20, greni 55 na marisau ya gramu 25 zinatosha. Huhitaji mizani uwanjani. Wawindaji wa zamani waligundua kwamba kikombe kimoja kidogo cha kupimia, kikijazwa baruti kisha kikajazwa marisau, hutoa mzigo uliosawazika, na ukikagua hesabu utaona kwamba gramu 28 za marisau hujaza karibu nafasi ileile ya greni 70 za baruti. Kwa hiyo nunua kikombe chenye vipimo, ukiweke kwenye namba moja, ukitumie kwa vyote viwili. Vaa miwani na vifunika masikio kabla hujagusa kitu kingine, maana fataki hupasuka na vipande vyake huruka.

Gobore likiwa tupu, weka fataki juu ya chuchu, elekeza mdomo kwenye nyasi au majani karibu na ardhi, upige. Majani yakitikisika, njia ya moto iko wazi na mafuta ya hifadhi yameungua. Yasipotikisika, zibua chuchu kwa sindano kabla ya kuendelea. Baada ya hapo simamisha gobore wima, kitako chini, mdomo ukiwa mbali na uso wako, nyundo ikiwa imeshuka juu ya fataki iliyokwisha kupasuka, ushushe mdeki hadi ukome na uchore juu yake mstari mwembamba mahali unapokutana na mdomo wa mtutu.

Mimina baruti kutoka kwenye pembe au chupa hadi kwenye kikombe, ufunge chupa na kuiweka mbali, ndipo umimine kutoka kikombe hadi mtutuni. Usimimine kutoka chupa moja kwa moja, hata ukimwona mzee mwenye uzoefu akifanya hivyo. Kaa la kizibo likibaki linafuka chini ya mtutu, litakachokiwasha ni greni 70 zilizomo kikombeni, na utaungua vidole. Ukimimina kutoka chupa, itakayolipuka mkononi mwako ni chupa nzima.

Juu ya baruti huja kizibo kigumu cha karatasi nene, cha unene wa milimita 3 hivi, ambacho kazi yake ni kuzuia gesi isipenye. Kiingize kikiwa kimeinama kidogo mdomoni, kinyooshe kwa kidole, kisha kisukume kwa mdeki hadi kikutane na baruti. Shika mdeki kwa ncha za vidole, ukiusukuma kwa hatua fupi fupi, kwa sababu anayeushika juu kabisa na kusukuma kwa uzito wake wote huuvunja, na mbao iliyovunjika hupita kiganjani. Kisha huja kizibo laini cha nyuzi, cha milimita 12 hivi, kilichopakwa nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mimea. Hiki husukuma marisau taratibu na kulainisha uchafu wa baruti njiani. Kandamiza vyote mara mbili tatu kwa nguvu ileile kila mara. Huna haja ya kupondaponda. Unachokitafuta ni kwamba kusiwe na nafasi tupu kati ya baruti na kizibo.

Sasa mimina marisau, na juu yake uweke kizibo chembamba cha karatasi cha kuyazuia yasimwagike. Kitoboe tundu dogo kabla, kwa kuwa hewa iliyonaswa chini yake hukisukuma kirudi juu. Usiweke kizibo kinene hapa, kwani huvuruga mtawanyo wa marisau mbele ya mdomo.

Mdeki ukiwa bado ndani, chora mstari mwingine mwembamba mahali unapokutana na mdomo wa mtutu. Ulikwisha kuchora wa kwanza bunduki ilipokuwa tupu. Huu wa pili ndio mstari wa bunduki iliyojazwa. Kuanzia siku hiyo huna sababu ya kukisia: mstari wa kwanza ukiwa mdomoni, mtutu ni mtupu, wa pili ukiwa mdomoni, mzigo uko mahali pake, mstari wa pili ukisimama juu ya mdomo, ama umetia mara mbili ama kizibo kimekwama njiani, na katika hali hizo zote mbili hupigi. Mistari miwili hiyo ina thamani kuliko pambo lolote utakalouziwa na bunduki.

Fataki huja mwisho kabisa, ukiwa umesimama mahali pa kupigia, mtutu ukielekea mbele. Vuta nyundo nusu, toa iliyopasuka, weka mpya na uibonyeze ikae sawasawa. Magobore mengi ya sasa hutumia fataki namba 11.

Ukikwisha kupiga, ngoja kidogo kabla ya kujaza tena. Kila baada ya mipigo michache pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo ndani ya mtutu, ufuatishe kikavu.

Mimi nina mitutu miwili tayari, na sikuwahi kusoma ushauri wako wa kununua mmoja. Nijihadhari na nini? (Mwenye Miwili)

Mambo mawili. Ukipiga mtutu mmoja na kutaka kuujaza, ondoa kwanza fataki ya mtutu ambao haujapigwa, kila mara, hata kama ndege wanapita juu ya kichwa chako. La pili ni kwamba mtikisiko wa mtutu wa kwanza unaweza kuvuta mbele kizibo na marisau ya mtutu wa pili, ukabaki na nafasi tupu ambayo ndiyo huleta ule uvimbe wa pete tuliomweleza Mjukuu. Kwa hiyo unapomaliza kujaza mtutu uliopigwa, shusha mdeki katika ule wa pili pia, ukandamize, utazame mstari. Wako wapigaji wanaofunga kipande cha utepe kwenye mtutu ambao tayari umetiwa baruti. Ni hila ndogo, nami naiunga mkono.

Nimeminya triga, fataki imelia, lakini bunduki haikupiga. Rafiki yangu alichungulia mdomoni kutazama kuna nini. (Mwenye Wasiwasi)

Una haki ya kuwa na wasiwasi, na rafiki yako ana bahati. Baruti inaweza kuchelewa kuwaka, hivyo fataki ikilia bila mshindo, bunduki hubaki begani au mkononi ikielekea shabaha kwa dakika nzima, na hakuna anayepita mbele yake. Dakika ikipita, weka fataki mpya upige tena. Ikishindikana, zibua chuchu kwa sindano na ujaribu mara ya tatu. Bado ikikataa, toa fataki, ngoja tena, fungua chuchu, ingiza punje chache za baruti katika tundu lake, irudishe, upige. Njia hii huondoa karibu kila mzigo ulioshikwa na unyevu au mafuta. Ikiwa hukutia baruti kabisa, na sisi sote tunawajua waliosahau, punje hizo chache hutosha kusukuma vizibo na marisau nje, ila hakikisha kwanza kwa mdeki kwamba vyote vimekaa chini kabisa. Kuna pia skrubu ya kung'olea vizibo inayofungwa kwenye ncha ya mdeki, nayo hutumiwa tu baada ya fataki kuondolewa.

Kwa nini njiwa wa udongo (kile kisahani kinachorushwa hewani kama shabaha) ninayempiga kwa bunduki ya kawaida nikiwa mbali ananiponyoka nikitumia gobore? Niongeze baruti? (Mwenye Hamu)

Usiongeze. Anayeongeza baruti bila kuongeza marisau hutawanya marisau yake upesi zaidi, na mara nyingi huacha tundu tupu katikati ambamo njiwa hupita salama. Mtutu usiobanwa mdomo hufanya kazi yake vizuri hadi mita 25 au 30. Zaidi ya hapo unatumaini tu.

Tundika karatasi pana, simama mita 23, piga katikati yake, kisha chora duara la kipenyo cha sentimita 76 pale marisau yalipokusanyika zaidi. Tazama nafasi tupu: kama kuna mahali kiganja chako kinakaa bila kugusa tundu, ndege naye atakaa hapo. Punguza baruti kwa greni 5, piga karatasi nyingine, ulinganishe. Wengi hushangaa kuona kwamba mzigo mdogo ndio unaojaza duara vizuri, tena hausumbui bega. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, uandike kando ya karatasi ulichotia. Na ukinunua marisau, soma milimita badala ya namba, kwa kuwa namba 6 ya Marekani ni kubwa kidogo kuliko namba 6 ya Uingereza.

Naweza kuacha kuosha hadi kesho yake? Hurudi nyumbani nimechoka. (Mchovu)

Huwezi. Zaidi ya nusu ya kile kinachobaki baruti nyeusi ikiungua ni chumvichumvi na masizi, si gesi, na chumvi hizo huvuta unyevu kutoka hewani. Mtutu ulioachwa usiku mmoja mahali penye unyevu huamka na rangi ya kahawia.

Kazi yenyewe haina siri. Hakikisha bunduki ni tupu, toa chuchu, tenganisha mtutu na kitako kama umeundwa kutenganishwa, usimamishe sehemu ya nyuma ndani ya ndoo ya maji ya moto yenye sabuni kidogo. Funga kitambaa kwenye mdeki, upandishe na kushusha, na utaona maji yakivutwa kupitia tundu la chuchu na kurudi nje yakiwa meusi tii. Badilisha maji hadi yatoke safi. Maji ya moto sana yana faida kwamba chuma hubaki na joto na kujikausha chenyewe, lakini usikiamini. Pitisha vitambaa vikavu hadi cha mwisho kitoke kilivyoingia, kisha upake mafuta kidogo. Sugua chuchu na uso wa nyundo kwa mswaki wa zamani, paka nyuzi za chuchu grisi, uirudishe. Kesho yake pitisha kitambaa kimoja tena, kwa kuwa kutu huanzia mahali ulipodhani umekausha.

Eneo langu limepiga marufuku marisau ya risasi. Nitie ya chuma? (Mfuata Sheria)

Katika gobore la kale, hapana: marisau ya chuma ni magumu na hukwaruza mtutu laini. Katika gobore jipya, fuata maandishi ya mtengenezaji, na kama anayaruhusu atakutaka utumie kikombe cha plastiki kinachoyazunguka ili yasiguse mtutu. Njia rahisi zaidi ni marisau ya bismathi, metali nyingine, ambayo ni laini na hujazwa kama ya risasi. Kwa kuwa bismathi ni nyepesi kidogo kuliko risasi, kikombe kilekile cha kupimia kitakupa uzito pungufu kidogo. Uache ulivyo, uchague tu punje kubwa kwa namba moja.